Siku Moja Katika Reli za Nairobi: Somo la Kupanga Safari

Na Mweka Hazina wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema mipango si matumizi. Mimi naongeza kwamba matumizi yasiyo na mipango ni hasara tupu, na ushahidi ninao. Mwaka jana chama chetu kilipoteza pesa, kikapoteza siku nzima, na kikamwacha mzee mmoja amesimama juani kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Mzee huyo ni babu yangu. Ndiyo maana nikaomba nafasi katika jarida la mwaka huu niandike somo hili, ili watakaotufuata wasijikwae pale pale tulipojikwaa sisi.

Somo lenyewe ni hili: utaipangaje siku moja ya kuzuru reli za jiji kubwa kama Nairobi, hasa zile njia ambazo si za kawaida, ukiwa na pesa kidogo, watu wengi, na wazazi wanaotaka uwe nyumbani kabla ya giza?

KOSA LETU

Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Aprili. Tulikuwa wanachama kumi na watano, wote wa shule ya kutwa, na kila mmoja alikuwa amechanga pesa zake. Mpango wetu uliandikwa nyuma ya daftari kwa mstari mmoja tu: "Makadara, mjini, Kikuyu, kurudi, Embakasi, Syokimau, makumbusho." Ukiusoma utadhani ni mpango. La hasha! Ile ilikuwa orodha ya majina ya mahali, haina saa hata moja ndani yake.

Tulikutana stesheni ya Makadara saa tatu na robo asubuhi, tumevaa vizuri, tumebeba mikate. Treni hakuna. Tukapanda matatu hadi mjini, tukaingia stesheni kuu tukiulizia treni ya Kikuyu. Karani wa tikiti akatutazama kwa huruma, akasema, "Wanangu, ya Kikuyu ni jioni. Hizi treni zinawaleta watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Mchana hata injini inapumzika."

Basi tukakaa. Tukala mikate. Mikate ikaisha, wengine wakanunua chipsi. Kufikia saa saba pesa ya kiingilio cha makumbusho ilikuwa imeliwa yote, na wasichana wawili wa kidato cha kwanza walikuwa wakilia wakitaka kwenda nyumbani. Tukaafikiana turudi.

Babu alikuwa awe mgeni wetu wa heshima pale makumbusho. Mimi ndiye niliyemwalika. Nilimwambia, "Babu, tutafika mchana, tutakupigia simu tukikaribia." Nilipiga simu mara tatu, haikushikwa, nikadhani amelala. Kumbe simu aliiacha nyumbani, naye alikwisha kwenda zake mapema kwa sababu yeye akiambiwa mchana huondoka asubuhi. Alisimama langoni akitungoja. Kutoka benchi tuliyokuwa tumekalia sisi hadi lango alilokuwa amesimama yeye ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu.

Aliporudi jioni hakunigombeza. Aliomba maji, akavua viatu, akasema, "Gari la moshi halimngoji abiria, mjukuu wangu. Abiria ndiye hulingoja gari. Lakini lazima ajue linakuja saa ngapi." Wiki nzima miguu yake ilikuwa imevimba. Mimi nilitamani afadhali angenigombeza.

IFAHAMU RELI KABLA YA KUIPANDA

Hauwezi kupanga safari ya kitu usichokijua. Kwa hivyo kazi ya kwanza tuliyojipa mwaka huu ilikuwa kusoma na kuuliza wazee.

Nairobi ni mtoto wa reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika hapa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mwaka 1901. Kabla ya reli, hapa palikuwa mahali pa Wamaasai kunyweshea mifugo, na jina Nairobi linatokana na maneno yao yenye maana ya maji baridi. Wajenzi waliweka bohari na kambi kabla ya kuanza kupanda mlima wa kuelekea Bonde la Ufa, na kambi ile ndiyo iliyozaa jiji. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa, ajali na hata kuliwa na simba. Wenyeji nao walilipa. Wanandi walipinga reli kupita katika ardhi yao kwa miaka mingi, mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Nairobi ina reli za vipimo viwili. Ile ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, yaani mita moja kamili. Ile mpya, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi Mei 31, 2017, ina upana wa milimita 1,435. Toa: tofauti ni milimita 435, ambayo ni zaidi ya rula yako ya sentimita thelathini. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kuzuia treni ya reli moja isiweze kukanyaga reli nyingine abadan. Ndiyo sababu msafiri anayetoka Mombasa kwa Madaraka Express hushuka upande wa Syokimau, na kama anataka kufika katikati ya mji kwa reli, abadilishe treni.

Kwa nini wazungu wa 1896 walichagua reli nyembamba? Sababu kubwa ni gharama. Reli nyembamba huweza kupinda kona kali, ikauzunguka mlima badala ya kuutoboa. Reli mpya hupenda kwenda moja kwa moja, na kwa hivyo hudai madaraja marefu na mahandaki. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya vituko utakavyoviona njiani.

NJIA NA VITUKO VYAKE

Hizi ndizo njia tulizoziorodhesha, na kila moja ina ajabu yake.

Kwanza, njia ya Kikuyu na Limuru. Hii ndiyo njia ya kupanda. Stesheni ya Nairobi iko kama mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, Kikuyu inapita mita 2,000, na Limuru inapita 2,200. Reli hupita Kibera, kisha Dagoretti, ikijipinda kama nyoka ili isichoke kupanda. Kibera yenyewe ni jina la Wanubi, askari wa zamani waliopewa makao hapo, nalo maana yake ni msitu. Leo msitu ni wa mabati, na reli inapita katikati.

Pili, njia ya Thika. Ilifunguliwa mwaka 1913, na ajabu yake ni kwamba zamani haikuitwa reli bali tramu ya Thika! Baadaye ikaendelezwa hatua kwa hatua hadi Nanyuki, ikafika huko mwaka 1930. Wakazi wa Githurai, Kahawa na Ruiru huitumia kwenda kazini.

Tatu, tawi la Embakasi. Hili ni kama mkia. Linachepuka, linapita karibu na mitaa ya watu kama Donholm, halafu linaishia Embakasi Village. Haliendi mji mwingine wowote. Ni reli iliyo ndani ya jiji tu, ya watu wa jiji tu.

Nne, njia ya Syokimau. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012. Upande huu ndipo reli ya zamani na reli mpya zinapokaribiana, ukaweza kuona babu na mjukuu wakiwa wamesimama bega kwa bega.

Tano, reli mpya ya kuelekea Suswa, iliyofunguliwa Oktoba 2019. Hii inapita juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kwa daraja la nguzo lenye urefu wa kilomita kama 6, twiga wakipita chini yake, kisha inaingia handaki la Ngong lenye urefu wa kilomita kama 4.5. Watu wengi walilipinga daraja hilo kwa kuwahurumia wanyama, na ubishi wake ulifika mahakamani.

Sita, Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Si njia, lakini ni mahali ambapo njia zote zimeweka kumbukumbu zao.

HATUA SITA ZA KUPANGA

Hatua ya kwanza: andika kwanza yale usiyoweza kuyabadilisha. Sisi yetu yalikuwa matatu: saa za treni, saa za makumbusho kufunguliwa, na saa kumi na mbili jioni ambayo kila mzazi alitaka mtoto wake awe mlangoni. Hayo ni kama nguzo za nyumba. Ukisha kuyasimamisha ndipo utafute pa kuweka dirisha.

Hatua ya pili: usiamini ratiba ya kuambiwa. Mtu mmoja huambia mwingine, naye huambia wa tatu, na saa kumi na mbili inageuka saa moja. Sisi tuliwatuma wawili wetu stesheni wiki moja kabla ya safari, tena siku ile ile ya juma, wakaandika kilichobandikwa ukutani na wakamuuliza karani. Siku tatu kabla ya safari wakarudi tena kuhakikisha.

Hatua ya tatu: mjue treni yako imetengenezewa nani. Hili ndilo lililotuangusha mwaka jana. Treni za mjini Nairobi humfuata mfanyakazi. Asubuhi hutoka pembeni kuja katikati, jioni hutoka katikati kwenda pembeni. Sisi tulitaka kwenda kinyume chake, asubuhi kutoka katikati kwenda pembeni, ni kama mtu anayetaka kupanda mto kwa ngarawa isiyo na kafi. Treni ya kuunganisha abiria wa Mombasa ni tofauti. Yenyewe humfuata msafiri, kwa hivyo huweza kutembea saa ambazo nyingine zimelala.

Hatua ya nne: gawanyeni kazi. Hapa ndipo tulipopata ufumbuzi, na sifa zake ni za Katibu wetu, si zangu. Tulikuwa tumekaa darasani tukikuna vichwa: njia ni nyingi, asubuhi ni moja, watu kumi na watano watapandaje zote? Katibu akachora ubaoni mito mitatu inayoingia ziwa moja. Akauliza, "Kwani ni lazima sote tupande kila njia?" Kimya kikatanda. Kisha sote tukacheka kwa jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Kila kundi lianzie mwisho wa njia yake, lije na wafanyakazi, halafu tukutane stesheni kuu, kila kundi liwasimulie wengine. Mwalimu mlezi wetu anaishi Kikuyu, akakubali kuwalaza watano kwake. Shangazi wa mwenzetu mmoja anaishi Ruiru, akachukua wanne na akaahidi kuja nao. Sita wanaoishi Embakasi na Donholm wakawa chini ya kaka wa mmoja wao.

Hatua ya tano: panga pesa kwa mafungu. Mimi kama mweka hazina niligawanya hivi: fungu la nauli ya treni, fungu la kiingilio, fungu la chakula, na fungu la dharura. Kila fungu lilikuwa na bahasha yake. Fungu la dharura lilikuwa moja ya tano ya pesa zote, na sheria yake ilikuwa kwamba haliguswi mpaka watu wawili waafikiane. Aidha, bahasha ya kiingilio niliibandika gundi kabisa. Mwaka jana tulikula kiingilio kwa sababu kilikuwa mfuko mmoja na chipsi.

Hatua ya sita: acha nafasi ya kukosea, na acha baadhi ya vitu. Baina ya makundi kukutana na kuingia makumbusho tuliweka saa nzima isiyo na kazi. Wengine walinung'unika kwamba tunapoteza wakati. Subiri uone. Na ile reli ya juu ya mbuga tuliiacha kabisa, ingawa ndiyo kila mtu aliyoitamani. Ingetumeza siku nzima. Kupanga ni pamoja na kujua utakachokikosa, ukakubali.

Usisahau usalama pia. Reli si njia ya kutembelea, wala mlango wa treni si mahali pa kuning'inia ili marafiki wakuone. Treni ikikaribia, haiwezi kukukwepa, na haiwezi kusimama ghafla. Ukitaka kupima upana wa reli, ipime pale makumbusho, si penye njia inayotumika.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa Jumatano ya likizo ya Agosti mwaka huu. Mimi nilikuwa kundi la Embakasi ingawa kwetu ni Makongeni. Nililala kwa rafiki yangu, tukaamka saa kumi na moja alfajiri. Stesheni ilikuwa na giza bado na watu wamejaa: mafundi, wauza mitumba, akina mama wenye vikapu, vijana wenye tai. Hakuna aliyekuwa akiongea sana. Treni ilipofika, tulisukumwa ndani kama unga unavyoshindiliwa debeni. Sikuona kitu nje mpaka Makadara, lakini niliona ndani. Mama mmoja aliyesimama karibu nami aliniambia amepanda treni hiyo miaka kumi na mbili kwa kuwa matatu ingekula mshahara wake. Hapo nikafahamu kwamba ile niliyoiita njia isiyo ya kawaida, kwake ni njia ya kila siku.

Kundi la Kikuyu lilifika stesheni kuu na masweta yao, meno yakigongana, wakisimulia jinsi ukungu ulivyobaki nyuma kidogo kidogo treni ikishuka. Mmoja alihesabu kona mpaka zikamshinda.

Kundi la Ruiru je? Kijana mmoja alichelewa kuamka. Shangazi hakutaka kumwacha, na treni haikutaka kumsubiri. Wakaja kwa matatu, wakanaswa katika msongamano, wakatufikia dakika hamsini baadaye na nyuso ndefu kama za kondoo walionyeshewa. Lakini makumbusho tulikuwa hatujaingia, kwa kuwa ile saa moja iliyonung'unikiwa ndiyo iliyowaokoa. Hakuna aliyenung'unika tena. Nauli yao ya ziada ilitoka katika fungu la dharura.

Babu nilikuwa nimemwandikia saa kwenye karatasi: saa mbili na nusu, stesheni kuu, chini ya saa ya ukutani. Nilifika saa mbili na dakika ishirini. Nilimkuta. Alikuwa amevaa koti lake la zamani, amelipiga pasi. Akaitazama saa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Basi.

Tulikwenda makumbusho kwa mwendo wake, taratibu. Tulionyeshwa behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alitolewa na simba usiku mmoja wa mwaka 1900 huko Kima. Alikuwa amekwenda kumwinda simba huyo, akasinzia zamuni mwake. Tuliona pia vyombo, picha na taa za zamani. Lakini Babu alikuwa hatulii. Alitaka kutoka uani, kwenye injini.

Uani kuna injini ya mvuke namba 5918, inayoitwa Mount Gelai, jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Ni ya aina ya Garratt, daraja la 59. Zilitengenezwa 34 tu, mjini Manchester Uingereza, na kampuni ya Beyer, Peacock, miaka ya 1955 na 1956, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Urefu wake ni kama mita 32 na uzito wake karibu tani 250. Hakukuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hiyo katika reli ya mita moja popote duniani.

Babu alifanya kazi katika injini za daraja hilo ujanani, msaidizi wa dereva, yeye akitunza moto. Tulidhani atatuambia habari za koleo na makaa. "Makaa gani?" akauliza. "Hii ilichoma mafuta mazito. Kazi yangu ilikuwa kuifungua na kuifunga ile mafuta, kutazama moshi na kutazama maji. Moshi ukiwa mweusi unachoma pesa za watu. Maji yakipungua, wewe na dereva mmekwisha."

Kisha akatufundisha. Alitwambia tuhesabu magurudumu. Tukahesabu kumi na manne upande wa mbele na kumi na manne wa nyuma, jumla ishirini na manane. Akaeleza kwamba reli nyembamba haiwezi kubeba uzito mkubwa mahali pamoja, kwa hivyo uzito unagawanywa juu ya magurudumu mengi. Lakini injini ndefu haiwezi kupinda kona. Dawa yake? Tangi la mvuke linawekwa katikati, limening'inia baina ya jozi mbili za magurudumu, na kila jozi inajipinda kivyake. "Ni kama nyinyi mkishikana mikono mkapita mlango mwembamba," akasema. Kwa njia hiyo ilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa kuja huku juu. Mwenzetu anayechukia Fizikia aliandika kurasa mbili.

Tulipokuwa tunaondoka, Babu alibaki nyuma. Niligeuka nikamwona ameweka kiganja juu ya gurudumu kubwa, ametulia tu. Nilimwendea nikamuuliza kama anaumwa miguu. Akasema, "Hapana. Nilidhani itakuwa ya moto." Kisha akacheka mwenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa, wenzake wengine walirudi kwao Uganda na Tanzania, hajawaona tena. Miaka michache baadaye injini za mvuke zikazimwa. Hayo alinieleza njiani, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia, ingawa tumekula sahani moja tangu nizaliwe.

Mchana tulipanda treni ya kuunganisha kwenda upande wa Syokimau, tukaziona reli mbili, nyembamba na pana, na Madaraka Express ikiwa imesimama, ndefu na safi. Babu aliitazama, akasema ni nzuri lakini haina jina. Wakati wa kurudi hatukufika mjini. Tulishuka Makadara, maana ndipo karibu na kwetu, na hilo pia lilikuwa kwenye mpango. Saa kumi na moja na nusu kila mtu alikuwa kwao. Bahasha ya dharura ilikuwa na pesa bado, zimerudi katika hazina ya chama.

MANENO TULIYOYAOKOTA NJIANI

Hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, kwa hivyo nisiondoke bila msamiati. Taruma ni ile mihimili inayolazwa chini, chuma cha reli kikakaa juu yake. Behewa ni chumba cha treni cha kubebea abiria au mizigo. Kuchepuka ni kuiacha njia kubwa na kushika tawi. Gari ni neno lililotujia kutoka Kihindi, ndipo tukapata gari la moshi, nalo leo wengi huandika garimoshi. Landi zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, na zile za mawe ndizo zilizouachia mtaa jina la Landimawe. Ukipita Landimawe kesho, utakuwa unapita juu ya historia.

ZOEZI

1. Eleza kwa nini treni ya kutoka Mombasa ya reli mpya haiwezi kufika Kibera.
2. Kama ungekuwa unaishi Limuru, ungeupangaje mpango huu? Anza na yale usiyoweza kuyabadilisha.
3. Taja kosa moja la safari ya kwanza ambalo halikuhusu treni hata kidogo.
4. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu alifanya kazi gani alipokuwa na umri wa miaka ishirini. Andika insha ya ukurasa mmoja. Usimkatize.

Msomaji mpenzi, njia ya Thika bado inatungoja, kwa kuwa waliopewa kuipanda walilala. Hiyo nawaachia wa kidato cha pili. Bahasha ziko kwa mwalimu mlezi, na ratiba mkaiulizie wenyewe. Na mkimwalika mzee, mwandikieni saa kwenye karatasi, halafu nyinyi mtangulie kufika. Mimi nilitangulia kwa dakika kumi, na bado nilimkuta. Wasalaam.